Hivi Nani Anampa Mwenzake Ruzuku?

Julai mwaka jana, siku mbili baada ya kumaliza mitihani, nilirudi nyumbani Ifakara nikamkuta mama anauza mpunga. Basi lilinishusha stendi saa tisa alasiri, nikachukua bodaboda mpaka kijijini, nikakuta Fuso imeegeshwa chini ya mwembe wetu na vijana wawili wanashindilia gunia kwa miguu. Sitanii. Mmoja kapanda juu anarukaruka, mwenzake anaongeza debe la saba, halafu wanashona mdomo wa gunia kwa kamba ya katani mpaka linaota kichwa kama mtu aliyefunga kilemba. Ndiyo lumbesa hiyo. Sheria ya vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo hutangaza hivyo mara kwa mara, lakini pale chini ya mwembe hapakuwa na mzani wala mtu wa vipimo.

Mnunuzi alikuwa kijana wa umri wangu, kanizidi kidogo tu. Alikuwa na adabu zake. "Mama, bei ndo hiyo, elfu sabini. Huko nyuma nimechukua kwa sitini na tano."

Mama akamwambia, "Baba, ongeza hata elfu tano. Mdogo wake huyu anatakiwa kidato cha tano, kachelewa wiki nzima."

Yule kijana akacheka kidogo, bila ubaya. "Mama yangu, kijiji kizima mna watoto wanaotakiwa shule."

Alisema kweli, na ndiyo maana bei ilikuwa vile. Mama aliuza magunia kumi na mawili. Kesho yake mdogo wangu akaondoka na godoro lake, ndoo yake na fedha za michango.

Naanza na habari hiyo kwa sababu muhula huu chumbani kwetu hosteli kumekuwa na mjadala usioisha kuhusu ruzuku. Mshikaji wangu mmoja, mtoto wa Dar es Salaam na mtu makini kweli, anashikilia kwamba ruzuku ni kumlea mkulima. Anasema fedha za walipa kodi zinamwagwa kwenye mbolea, mkulima anabaki maskini vilevile, mwaka unaofuata anarudi kuomba tena. "Mtu mzima hanyonyeshwi," ndivyo anavyosema. Wenzetu wengi humuunga mkono, na wengi wao ni watoto wa wakulima kama mimi. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tuanze na ukweli wa ruzuku yenyewe. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku kule Mbeya. Vita ya Ukraine ilikuwa imepandisha bei ya mbolea dunia nzima, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulikuwa umevuka shilingi 120,000. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150, na mkulima aliyejiandikisha akawa ananunua DAP au Urea kwa 70,000, CAN kwa 60,000 na SA kwa 50,000. Mpango unasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Mkulima anapewa namba yake, anakwenda nayo kwa wakala, namba inasomwa, analipa sehemu yake na serikali inamlipa mfanyabiashara sehemu iliyobaki.

Haikuwa mara ya kwanza. Kuanzia msimu wa 2008/09 kulikuwa na mpango wa vocha za pembejeo, kwa msaada mkubwa wa Benki ya Dunia. Kaya ilipata vocha za mbegu na mbolea za kutosha ekari moja ya mahindi au mpunga, zikifidia karibu nusu ya gharama. Waliopata walichaguliwa na kamati za vocha za vijiji. Ulisaidia wengi, ila ulikuwa na doa lake: utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba karibu asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwenye kaya za viongozi wa vijiji wenyewe. Mwenye kisu ndiye aliyekula nyama. Mfumo wa sasa wa namba umepunguza nguvu ya kamati, na hilo nalipongeza. Umeleta masharti mengine tu, kwamba uwe na simu, uwe na nauli ya kufika kwa wakala, na uwe na fedha taslimu Desemba wakati ghala la nyumbani limebaki na vumbi.

Kwa hiyo sisemi ruzuku ya mbolea ni mbaya. Mama aliitumia. Ana ekari mbili, moja iko kwenye maji ya uhakika, na hiyo ndiyo anayothubutu kuiwekea mbolea. Ile ya pili iko chini kabisa kwenye mbuga, ambako mto ukiamua kupanda unasomba mbolea na miche pamoja. Alinunua mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mfuko mmoja wa Urea wa kukuzia, akalipa 140,000. Kwa bei za soko za mwaka ule wa 2022 angelipa zaidi ya 240,000. Kwa hesabu hiyo serikali ilimsaidia laki moja na ushee. Ahsante sana, tena nasema kwa dhati.

Sasa twende kwenye mauzo. Gunia la kawaida kwetu ni debe sita. Yale kumi na mawili yaliyopanda kwenye Fuso yalikuwa ya debe saba saba, kwa hiyo mama alitoa debe 84, ambazo ni magunia kumi na manne halali, akalipwa ya kumi na mawili. Kwa elfu sabini alipata 840,000. Januari nilipompigia simu, gunia la debe sita pale pale kijijini lilikuwa limefika 110,000. Magunia kumi na manne mara 110,000 ni 1,540,000. Tofauti ni 700,000. Toa gharama ya kuhifadhi, toa panya, toa mpunga unaopungua uzito kadiri unavyokauka, bado inabaki zaidi ya nusu milioni. Huyo ni mwanamke mmoja mwenye ekari mbili.

Kwa lugha nyepesi, mama alipokea laki moja na ushee kwa mkono wa kulia wakati wa kupanda, halafu zikamtoka zaidi ya laki tano kwa mkono wa kushoto wakati wa kuuza. Ndipo nikamuuliza mshikaji wangu: hivi hapa nani anampa mwenzake ruzuku? Yule mpunga wa elfu sabini unakobolewa, unapanda lori kupitia Kidatu na Mikumi, unakuwa wali kwenye sahani zetu. Tunakula kwa bei inayowezekana kwa sababu mtu mmoja bondeni ameuza siku ambayo hakutaka kuuza. Mkulima ametulea sisi siku nyingi, ila hakuna anayeliandika hilo kwenye bajeti.

Mtu ataniambia, kama bei ya Januari ni nzuri, si angoje Januari? Nani kamlazimisha? Swali ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni sisi, watoto. Kidato cha tano kinafunguliwa Julai. Vyuo vinataka ada Oktoba na Novemba. Mwaka wangu wa kwanza, kabla mkopo haujaingia, mama aliuza magunia mengine manne ili nisajiliwe. Yaani mimi ndiye niliyemfanya auze kwa bei mbaya, na nimeyajua hayo nikiwa tayari nimekaa darasani nasoma uchumi wa kilimo. Ongeza deni la trekta lililoburuga majaruba, ongeza vibarua wa kupalilia na kuvuna, na wale ambao mwezi wa Februari, njaa ikiwa mlangoni, walikopa kwa mtu na kumwahidi mpunga ungali kijani shambani. Huyo hana cha kuuza Januari wala Julai. Mavuno yake yana mwenyewe tangu Februari. Kule Kusini kwenye korosho biashara ya namna hii inaitwa kangomba na ina vita yake rasmi. Kwetu kwenye mpunga ni maisha ya kawaida tu.

Sehemu ya pili ni serikali, na hapa nitasema bila kuzunguka. Mkulima aliyejikaza akahifadhi mpunga hana uhakika na kitakachotokea. Mchele unaotoka nje ya Afrika Mashariki unatozwa ushuru wa asilimia 75, na ushuru huo ndio ukuta wa mkulima wetu. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2013, bei zilipokuwa juu mijini, serikali iliruhusu mchele kuingia bila ushuru ili kupunguza makali. Bei ikaporomoka. Waliokula hasara ni hasa wale waliofuata ushauri wa wataalamu, wakahifadhi mazao wakisubiri bei ya kiangazi. Hata shamba kubwa la KPL kule Mngeta, lenye zaidi ya hekta 5,000, lililokuwa kielelezo cha mpango wa SAGCOT, lilitikiswa na bei zile, na miaka michache baadaye likaelemewa na madeni. Sasa kama tembo anayumba, swala afanyeje? Kwenye mahindi tumeona vivyo hivyo kwa upande wa pili: mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na walioshikilia mzigo wakisubiri soko la jirani wakabaki nao.

Simlaumu aliyefanya maamuzi hayo kwamba alikuwa na nia mbaya. Mtu wa mjini naye ana tumbo. Ninachosema ni kwamba kila uamuzi wa ghafla unamfundisha mkulima somo moja: uza mapema, usimwamini mtu. Na mkulima analishika somo haraka kuliko sisi tunavyoshika ya kwetu.

Wapo wanaosema basi suluhisho ni serikali itangaze bei na inunue mpunga wote. Nilikuwa mmoja wao mwaka wa kwanza. Nimebadili msimamo, na nitaeleza kwa nini, maana historia yetu imejaa mifano.

Katikati ya miaka ya 1970 tulikuwa na bei moja kwa nchi nzima. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua mahindi, mpunga na ngano kwa bei ileile iwe Ifakara au Sumbawanga. Vyama vya ushirika vilivyokuwa vya wakulima wenyewe vilivunjwa mwaka 1976. Bei moja iliwafaa waliokuwa mbali, lakini gharama za kusafirisha zilikuwa za shirika, madeni yakapanda, malipo kwa wakulima yakachelewa, na wengi wakaanza kuuza kwa njia za panya. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mfumo ule ulikuwa umekwisha, na kwenye miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea nayo ikaondolewa kabisa.

Njoo karibu zaidi. Novemba 2018 wanunuzi wa korosho walipotaja bei ambazo wakulima walizikataa, Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapelekwa kuzisomba. Moyo wangu ulifurahi siku ile, nilikuwa bado sekondari. Lakini kununua ni kazi moja na kuuza ni kazi nyingine. Uhakiki ukachukua muda, malipo yakachelewa, na wapo waliongoja miezi mingi kupata haki yao.

Na si sisi peke yetu. Thailand mwaka 2011 serikali ya Yingluck Shinawatra ilianza kununua mpunga kwa baht 15,000 kwa tani, karibu mara moja na nusu ya bei ya soko. Wakulima walishangilia. Maghala yakajaa, mchele ukakosa mnunuzi wa bei ile nje ya nchi, hazina ikatoboka, wakulima wakakaa bila malipo. Mwaka 2014 serikali ilianguka, na mwaka 2017 mahakama ilimhukumu Yingluck kifungo cha miaka mitano kwa uzembe katika mpango huo, akiwa ameshaikimbia nchi. Hao ni watu wanaouza mchele duniani kuliko karibu taifa lolote. Sisi tutaweza?

Ndiyo maana hata Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ambao mwaka 2024 mahindi yalipojaa walinunua kwa bei bora kuliko ya walanguzi, siwezi kuwaomba wabebe mpunga wote wa bonde letu. Nguvu yao kubwa iko kwenye mahindi, na vituo vyao vikubwa viko Makambako, Songea, Sumbawanga na kwingineko. Wakinunua kidogo Ifakara itasaidia. Wakiahidi kununua wote, tutarudi kulekule kwa NMC.

Lakini tazama hili. Panda barabara ya lami kutoka Ifakara hadi Kidatu, kilomita 66.9, utakuta wakulima wa miwa. Nao wana malalamiko yao, sisemi wako peponi. Ila mkulima wa miwa anajua kiwanda kiko pale, anajua malipo yake yanahesabiwa kwa kiasi cha sukari kilicho kwenye muwa wake, na sukari ya nje haiingii nchini bila kibali kinachotolewa na Bodi ya Sukari. Kuna kanuni. Mkulima wa mpunga, bonde lilelile, mvua ileile, anakutana na Fuso chini ya mwembe. Kumbe nchi hii ikiamua inaweza kuweka utaratibu wa bei bila serikali kununua hata kilo moja.

Basi mimi napendekeza nini? Nitatumia mfano tunaouelewa wote humu: bumu.

Bodi ya Mikopo inafanya nini hasa? Inakubali kwamba mtoto wa maskini ana thamani ambayo haijaiva. Inamwambia: soma kwanza, usiiuze leo elimu yako kwa kuacha chuo, ukipata kazi utalipa, asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi. Hiyo ni fedha ya kununulia muda. Bumu likichelewa wiki mbili tu, nyote mnajua kinachotokea hapa chuoni. Viongozi wa serikali ya wanafunzi hawalali. Sisi tumepewa miaka mitatu na zaidi ya kusubiri na hatuiti huko kulelewa. Mkulima wa Kilombero anahitaji miezi sita tu, kuanzia Julai hadi Januari.

Sheria ipo tayari. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005. Mkulima anapeleka mazao ghalani, yanapimwa kwa mzani, anapewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo anaweza kukopeshwa sehemu ya thamani ya mzigo wake. Korosho na ufuta vimeutumia mfumo huu kwa mnada. Kwa mpunga wetu napendekeza tutumie ile nusu yake inayosahaulika, yaani mkopo. Mama angepeleka magunia yake ghalani, akapewa nusu ya thamani ya siku ile, mdogo wangu akaenda shule, na mpunga ukabaki ni wa mama mpaka atakapoamua. Serikali itie ruzuku hapo: ipunguze riba ya mkopo huo, ijenge au ikarabati maghala ya vyama vya ushirika huko Mlimba, Mngeta, Mbingu na Mang'ula, na ilipe bima ya mzigo. Na isiwe lazima. Mfumo ukigeuka amri, mkulima akazuiwa kuuza gunia moja la kumpeleka mtoto hospitali, atauchukia, na atakuwa na haki.

La pili ni kanuni ya uagizaji. Kabla ya mavuno kuanza, wizara itangaze wazi: mchele wa nje hautaruhusiwa kuingia bila ushuru mpaka bei ya mjini ivuke kiwango fulani, na ikivuka, kiasi kitakachoingia ni hiki. Mtu wa mjini analindwa, mkulima anajua mwisho wa kamba yake uko wapi. Haigharimu bajeti hata senti.

La tatu ni mzani. Mzani mmoja wa kijiji, uliohakikiwa, wenye mtu anayeujibia. Lumbesa ilimnyang'anya mama magunia mawili, shilingi 140,000 kwa bei ya siku ile, ambayo ndiyo fedha aliyoilipa kwa mbolea yote ya ruzuku. Tafakari hapo: alinunua mbolea kwa jasho, na thamani yake yote ikaondoka kwenye kichwa cha gunia.

Mshikaji wangu nilimsomea rasimu hii. Akaniuliza swali ambalo lilinikalisha kimya: "Sasa mkulima akipata bei nzuri, si sisi ndio tutaumia? Sahani ya wali kwa mama ntilie itapanda." Nikafikiri usiku kucha. Naamini jibu ni hapana, si kwa kiasi anachodhani. Wakulima wengi wakihifadhi, Julai sokoni kutakuwa na mpunga mchache na bei itapanda kidogo. Lakini Januari mpunga utakuwa mwingi na bei itashuka. Ile 110,000 haitafika 110,000. Lile pengo kati ya miezi hiyo miwili litapungua, mkulima atapata sehemu, na mlaji wa Januari, ambaye ni mimi na wewe tuliotoka likizo bila bumu, atapata sehemu. Atakayepunguziwa ni anayeishi ndani ya pengo. Simchukii yule kijana wa Fuso. Ana mkopo wake, ana mafuta, ana barabara mbovu za vijijini, na pengine naye ana mdogo wake kidato cha tano. Usafirishaji wake alipwe. Ila asilipwe kwa sababu mama yangu ana haraka.

Na kwa wenzangu watoto wa bonde, iwe mmetoka Malinyi ng'ambo ya Daraja la Magufuli, au Mlimba mnakopitia reli ya TAZARA, nina ombi ambalo halihitaji serikali. Likizo ndefu inaangukia kwenye mauzo. Wengi wetu tutakuwa nyumbani au kwenye mafunzo ya vitendo. Kila Jumamosi andika vitu vitatu: bei ya gunia kijijini kwako, idadi ya debe zilizomo ndani ya gunia hilo, na bei ya kilo ya mchele dukani. Tukirudi, wale mliobaki kijijini wadogo zenu waendelee kuwatumia kwa simu mpaka Januari. Tuzikusanye, tuzichapishe kwenye jarida hili. Siku tutakapokwenda kuzungumza na halmashauri ya Mji wa Ifakara au ya Mlimba, tuwe na daftari mkononi, maana malalamiko wameshayasikia sana.

Mama mwaka huu ameniambia atajaribu kubakiza magunia matano mpaka mwezi wa kwanza. Amenunua mifuko ile inayozuia wadudu, ameipanga uvunguni mwa kitanda chake. Nilimuuliza je, mchele wa nje ukiingia tena bila ushuru? Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unasoma huko. Niambie wewe."

Sikuwa na la kumwambia. Naliuliza hapa hadharani, kwa wahadhiri wetu, kwa viongozi wetu wa wanafunzi, na kwa yeyote wa wizarani atakayeshika jarida hili: nimwambie nini?